Tamthiliya yangu imegeuka somo, nifanyeje?

*Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata mkoani Tanga. Mwaka jana niliandika tamthiliya kuhusu mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, nikaunda kikundi cha watu 9: walimu watano, muuguzi, fundi cherehani, dereva wa bodaboda na mama lishe. Ina kurasa 34 na sehemu 7, na mwishoni Afisa Elimu anaingia kutoa nasaha. Mezani tuliisoma kwa dakika 50, kila mtu akaisifu. Tulipoionyesha bwaloni ikachukua dakika 85, wageni wakaanza kutoka mmoja mmoja, na waigizaji wawili wakasahau maneno kabisa. Mwenzangu akaniambia, "Umeandika somo, siyo mchezo." Mkuu wa shule haoni faida yake. Sasa tumeombwa tuionyeshe tena baada ya wiki 8, kwenye mkutano wa wazazi. Niondoe ujumbe? Nichukue tamthiliya iliyokwisha kuchapishwa? Au nikubali kwamba sina kipaji? Sauti yangu nayo inakwaruza tangu onyesho lile, mwezi sasa. Nimeambatanisha mwanzo wa sehemu ya kwanza.*

Mwalimu, umeuliza mengi kwa mara moja, na la kipaji ndilo linalokuuma zaidi, kwa hiyo nianze nalo. Kurasa ulizoleta si za mtu asiye na kipaji. Ni za mtu aliyebobea katika kazi moja, akaichukua stadi ya kazi hiyo na kuitumia kwenye kazi nyingine. Umechagua kadi ya benki ya mwalimu iliyoshikwa na mkopeshaji. Hapo umegusa jambo ambalo watumishi wengi ukumbini wanalijua na hawalisemi. Kuona jambo kama hilo hakufundishwi. Yaliyobaki yanafundishika, na wiki 8 zinatosha ukianza wiki hii.

Darasani mwanafunzi anakusikiliza hata asipokuwa na hamu, kwa sababu mtihani unakuja. Ndiyo maana mwalimu mzuri hulitaja jambo, akalieleza, akalirudia, kisha akauliza swali ambalo jibu lake analo. Bwaloni hakuna mtihani. Mtazamaji anakaa kitini kwa sababu moja: anataka kujua kama huyu atakipata anachokitaka kwa yule. Akiona hakuna anayetaka kitu kwa mwenzake, masikio yanafunga hata kama macho bado yako jukwaani. Maelezo yanaweza kuwa ya kweli na ya muhimu, lakini kama hakuna mhusika anayeyahitaji dakika ile, hayamfikii mtu. Mwenzako alikuwa na haki kusema umeandika somo. Hakukosea, ila hakukuonyesha somo liko wapi. Liko hapa, kwenye mistari yako ya mwanzo:

ZAWADI: Mume wangu, kama unavyojua, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka kumi na miwili sasa. Mwaka huu nilichukua mkopo wa shilingi laki tano kwa wakopeshaji wa mitaani ambao hutoza riba kubwa sana, nikaweka rehani kadi yangu ya benki.

MUME: Ni kweli, mke wangu. Mikopo ya kausha damu ina madhara mengi. Kwanza, huvunja familia. Pili, humfanya mfanyakazi akose ari ya kazi. Je, uliyafikiria madhara hayo?

ZAWADI: Sikuyafikiria. Laiti ningepata elimu ya fedha mapema!

Shika kalamu nyekundu, ile ile ya kusahihishia. "Kama unavyojua" ni alama ya hatari kuliko zote katika uandishi wa tamthiliya. Kama mume anajua, kwa nini anaambiwa? Anaambiwa ili wazazi walioketi wasikie, na wazazi wanalitambua hilo mara moja. "Kwanza" na "pili" ni za ubaoni. Swali la mume ni lile la mwalimu anayetaka jibu alilokwisha kulitayarisha, na Zawadi anajibu kwa sentensi kamili kama mwanafunzi aliyesimama. Lakini kosa kubwa zaidi halimo kwenye maneno. Mke amemwambia mumewe kwamba kadi ya mshahara iko kwa mkopeshaji, na mume hakushtuka. Siri iliyokuwa na uwezo wa kuubeba mchezo mzima imetolewa bure katika pumzi ya kwanza.

Watu wale wale, asubuhi ya siku ya mshahara:

MUME: Nipe kadi nipite benki, foleni bado fupi.

ZAWADI: Kunywa chai kwanza.

MUME: Nimeshakunywa.

ZAWADI: Mtandao uko chini. Wenzangu wameniambia.

MUME: Jirani katoka kutoa sasa hivi. (Ananyoosha mkono.) Kadi.

ZAWADI: Iko kwenye mkoba wa shule.

MUME: Mkoba huu?

(Zawadi anauwahi mkoba. Anaukumbatia.)

MUME: Zawadi.

ZAWADI: Nimebadilisha namba ya siri.

MUME: Sijakuuliza namba ya siri.

Hakuna aliyetaja mkopo, riba wala rehani, lakini mtazamaji ameshajua kwamba kadi haimo mkobani, na amejua kabla ya mume. Sasa ana swali la kumkalisha: huyu bwana atajua lini, na kwa mdomo wa nani? Angalia pia jinsi kila mstari unavyousukuma mwingine. Mume anataka kadi. Zawadi anataka mume asiifikie kadi. Kila kisingizio kinazibwa, anatafuta kingine, hadi anataja jambo ambalo hakuulizwa. Mtu anayeficha kitu hujisaliti hivyo hivyo.

Zile laki tano na riba yake hazipotei, zinahama. Kanuni ya kuzihamisha ni kwamba taarifa iingie mahali inapomuumiza mtu. Mkopeshaji anafika barazani na daftari lake, mume yuko mlangoni, Zawadi hajui kama mumewe anasikia. Mkopeshaji anasoma taratibu: "Laki tano. Miezi mitatu. Asilimia ishirini kila mwezi. Laki nane." Ndiyo hesabu yako yote. Mzazi aliyeketi nyuma ataifanya kichwani mwenyewe, na hesabu aliyoifanya mwenyewe haisahau.

Kwa hiyo ujumbe usiuondoe. Dhana kwamba tamthiliya yenye ujumbe huchosha si ya kweli, na historia ya tamthiliya ya Kiswahili inaikanusha. Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982, inazungumzia ukombozi wa mwanamke waziwazi kabisa. Lakini jukwaani wanawake wana nguzo ya kuisimamisha, na kila ugomvi kati yao unaonekana kwenye nguzo inayokataa kusimama. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, swali zito la imani na vita linaishia kwa mtu mmoja aliyekamatwa anayetakiwa kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Mtu, hali ngumu, uamuzi. Kwako wewe nguzo ni ile kadi. Ifuatilie kadi kutoka mkono hadi mkono na ujumbe utaifuata.

Tuje kwenye muda, maana dakika 85 zina maelezo ya wazi na hazina uhusiano na uvivu wa mtu. Mezani mlisoma kurasa 34 kwa dakika 50, yaani kama dakika moja na nusu kwa ukurasa. Jukwaani watu wanaingia, wanakaa, wanapokea chai, wazazi wanacheka, mtu anatafuta neno. Ukurasa ule ule unafika dakika 2. Kurasa 34 zikawa kama dakika 70. Zilizobaki, dakika 15 hivi, zilikwenda kwenye mabadiliko 6 ya mandhari, kila moja dakika mbili na nusu za kubeba meza huku watu wakitazama. Hapo ndipo wageni walipotoka. Mtazamaji huvumilia sehemu dhaifu, ila akipewa dakika mbili za kukaa bila kuangalia kitu hukumbuka nyumbani kumeachwa nini.

Mkutano wa wazazi ni mchana, kwa hiyo hamtakuwa na giza la kufichia ubebaji wa viti. Weka mchezo wote mahali pamoja: baraza ya nyumba ya Zawadi. Baraza ni zawadi kwa mwandishi wa pwani. Jirani anapita bila kualikwa, mkopeshaji anafika bila kugonga mlango, watoto wanatumwa dukani, na ndani kuna mlango ambao mtu anaweza kusikilizia nyuma yake. Unachohitaji ni benchi moja, pazia la kanga likiwa mlango, ndoo na mkoba. Kubadilisha siku, Zawadi anaingia na kanga nyingine. Benki na ofisi ya mkopeshaji hatuna haja ya kuziona, tunahitaji kumwona aliyetoka huko.

Lenga dakika 50. Ukiwa na sehemu 3, mabadiliko mawili ya dakika moja moja, unabaki na dakika 48, sawa na kurasa 24. Utakata kurasa 10, na usizikate kwa kupunguza neno hapa na neno pale, utaumia bila kupona. Kaa na nakala moja. Juu ya kila sehemu andika sentensi moja: nani anataka nini kwa nani, na akikosa itakuwaje. Sehemu ambayo huwezi kuiandikia sentensi hiyo itoke nzima, hata kama ina maneno matamu. Baada ya hapo pigia mstari kila kauli inayompa mtu habari aliyokwisha kuijua. Halafu tazama mistari miwili ya mwisho ya kila sehemu. Walimu wengi hufunga sehemu kwa muhtasari, na mara nyingi ukiutoa, sehemu inaisha pazuri zaidi. Wahusika wanaofanya kazi moja waunganishwe. Kwenye tamthiliya za walimu mara nyingi utakuta marafiki wawili washauri, na mmoja anatosha.

Afisa Elimu wa mwisho atoke jukwaani. Najua ni uamuzi mgumu, kwa sababu ndiye uliyemkabidhi lile ulilotaka kulisema. Mpe kazi yake mahali pengine. Wakina Penina Mlama (ndiye Penina Muhando) na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi miaka mingi na wanavijiji kwa njia ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo, ambamo mchezo hauishi na jibu. Unaishia penye tatizo, kisha wananchi wenyewe wanazungumza. Tenga dakika 15 baada ya onyesho. Waigizaji wabaki na maleba yao, yaani mavazi ya mchezo, wewe uulize swali moja lisilo na jibu ulilolificha mfukoni: "Mume wa Zawadi afanye nini kesho asubuhi?" Halafu nyamaza. Subiri hata kama kimya kitakutisha. Mzazi wa kwanza akisema, wengine watafuata, na hapo ndipo mtu wa benki au wa ustawi wa jamii, kama mmemwalika, anaweza kujibu maswali ya kweli ya watu wa kweli.

Nafasi aliyoiacha Afisa Elimu ijazwe na kitendo. Pendekezo moja: mkopeshaji anatoa mfukoni bunda la kadi za benki lililofungwa kwa mpira. Mpira unakatika. Kadi zinamwagika sakafuni. Zawadi anapiga magoti kutafuta ya kwake, anaokota moja, anasoma jina, anaiweka chini. Anaokota nyingine. Anamtazama mkopeshaji. Hasemi kitu. Wazazi wataelewa kwamba Zawadi hayuko peke yake. Je, jina analolisoma liwe la nani? Mkuu wa shule wa kwenye mchezo ndiye angetikisa ukumbi zaidi, lakini mkuu wako wa kweli atakuwa amekaa mbele. Mwonyeshe andiko kabla, na akisita, jirani anayemsema Zawadi kutwa nzima anatosha vizuri tu. Hakikisha hakuna jina, namba ya nyumba wala tabia ya mtu wa mtaani kwenu anayeweza kutambulika. Mtu aliyeaibishwa jukwaani haponi kwa kuambiwa kwamba ni sanaa, na anaweza hata kuwafikisha mahakamani.

Waliosahau maneno usiwalaumu upesi. Kumbukumbu ya mwigizaji hushika kwenye vitu viwili: neno la mwisho la mwenzake, na sababu ya kujibu. Mistari yako ya zamani haikujibizana, ilifuatana. Mume angeweza kusema "pili" kabla ya "kwanza" na hakuna kitu kingeharibika, ndiyo maana akili ilikosa pa kushika. Katika mistari mipya, "Mkoba huu?" hauwezi kuja kabla ya "Iko kwenye mkoba wa shule." Utashangaa wale wawili wakiushika haraka.

Hata hivyo kuna namna ya kukariri. Wasikariri kwa kuimba kama utenzi, maana mtu aliyekariri kwa mahadhi hawezi kutoka kwenye mahadhi hayo. Wakae wawili wawili, mmoja amtajie mwenzake maneno matatu ya mwisho ya mstari unaotangulia, mwenzake ajibu bila kuangalia karatasi, huku wakifanya kazi ya mikono: kuchambua mchele, kukunja nguo, kupanga madaftari. Dereva wenu wa bodaboda anaweza kurekodiwa mistari ya wenzake kwenye simu, pakiachwa kimya cha kutosha yeye kujibu, akaisikiliza kijiweni anaposubiri abiria. Na muwe na mkumbushaji, mtu mmoja aliyeshika andiko, anayehudhuria mazoezi yote, anayekaa mbele pembeni. Mwigizaji akikwama atajiwe maneno mawili ya kwanza tu, kwa sauti inayosikika. Mnong'ono humchanganya, na mstari mzima humfanya aurudie kama mwangwi.

Kuhusu tamthiliya ya mtu mwingine, ni njia halali na yenye faida zake. Andiko limeshapimwa, nawe ungejifunza mengi kwa kuiongoza. Ila kuna mambo mawili. Kununua kitabu hakukupi haki ya kukionyesha hadharani. Nchini Tanzania, kama ilivyo Kenya, hakimiliki ya kazi ya fasihi huishi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na ruhusa huombwa kwa mchapishaji au kwa mwenye haki, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wakiwa wa kukuelekeza. Wiki 8 zinaweza kuisha mkisubiri barua. Pili, wazazi wale wamewaita kwa ajili ya jambo la kadi. Wakipewa jambo jingine watalipokea kwa heshima, ila hawatabaki kuzungumza.

Ipo njia nyingine ambayo walimu wa leo wanaisahau: ngonjera. Mathias Mnyampala aliifanya kuwa chombo cha kufundishia siasa mpya baada ya Azimio la Arusha la 1967, na ngonjera haina aibu ya kueleza. Imeumbwa kwa ajili ya watu wawili kubishana kwa hoja na mmoja kumshawishi mwenzake kwa beti. Yale "kwanza" na "pili" yako yana kwao halali huko. Andika ngonjera ya beti kumi kati ya mkopaji na mkopeshaji, wanafunzi waitoe kabla ya mchezo, dakika tatu au nne. Utakuwa umekidhi kiu yako ya kufundisha, nao mchezo utaachwa upumue.

Ushauri wangu ni uiandike upya ya kwako. Lakini jiwekee mpaka: mwisho wa wiki ya pili ukiwa bado na zaidi ya kurasa 26, achana na nzima. Chukua sehemu moja iliyo bora, ile ya mkopeshaji barazani, iwe mchezo wa dakika 20. Mchezo mfupi uliokamilika unaheshimika kuliko mrefu uliochoka.

Wiki ya kwanza ni yako peke yako na kalamu. Ya pili, mwanzoni, kikundi kisome andiko jipya wakiwa wamesimama, saa mkononi, kwa sababu kusoma mmekaa ndiko kulikowadanganya mwanzo. Kuanzia ya tatu mpaka ya tano panga miondoko, sehemu moja kila wiki, mazoezi mawili kwa wiki ya dakika 90 yakianza kwa saa mliyokubaliana hata kama wamefika watu wanne. Usimwite mtu ambaye sehemu yake haifanyiwi kazi siku hiyo. Mama lishe anayekaa saa nzima kumtazama mwingine anapoteza mauzo, na wiki ijayo hatakuja. Mwisho wa wiki ya tano karatasi zitoke mikononi, bila msamaha. Hapo mchezo utaonekana umeharibika kwa siku mbili tatu. Ni kawaida, usibadilishe andiko kwa hofu. Ya sita pitieni wote bila kusimama. Ya saba muwe na maleba na vifaa vyote vya kweli. Ya nane zoezi moja mbele ya watu kumi wasioujua mchezo, kisha pumzikeni siku moja kabla ya onyesho.

Bwalo lenu, kama mabwalo mengi ya shule, bila shaka lina bati na kuta tupu, na sauti humo inadunda. Kupiga kelele huongeza mdundo, hakuongezi usikivu. Sogeza viti vya wazazi karibu, vizunguke pande tatu za eneo la kuchezea, safu ya kwanza hatua tatu kutoka kwenye benchi. Mtu asiongee huku akiondoka na kugeuza mgongo. Kuna jambo moja la lugha yetu ambalo waigizaji wasio na mazoezi hulipoteza: Kiswahili hubeba kukanusha mwanzoni mwa neno. "Hatakuja" ikipoteza herufi ya kwanza inakuwa "atakuja", na mchezo mzima unageuka. Fanya zoezi la kutamka silabi ya kwanza na ya mwisho ya kila kitenzi kwa uzito, mtu mmoja akisimama nyuma kabisa na kunyoosha mkono kila asiposikia. Kama tarehe inaangukia Machi hadi Mei, mvua ya masika juu ya bati itawashinda hata mkiwa na kipaza sauti, kwa hiyo mkubaliane mapema kusimamisha mchezo, kukaa palepale mlipo, na kuendelea mvua ikipungua. Mkilazimika kucheza nje chini ya mti, jua liwe mgongoni mwa watazamaji, siyo machoni mwao.

Mkuu wa shule usimshawishi kwa hotuba kuhusu sanaa. Mpelekee ukurasa mmoja: siku na saa za mazoezi, ambazo zote ziwe nje ya vipindi, vifaa vitakavyotumika, jina la atakayefunga bwalo, na mistari miwili kuhusu jinsi wanafunzi wako wa fasihi watakavyotumia onyesho kujifunzia dhamira, mgogoro na wahusika badala ya kuvikariri. Akiuliza kama kazi hii inamfaa mwalimu, mkumbushe kwamba aliyetafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, moja ikatoka 1963 na nyingine 1969, aliitwa Mwalimu na nchi nzima, na wakati huo alikuwa na nchi ya kuongoza. Mkifikiria kutoza kiingilio au kuonyesha nje ya shule, mwone kwanza Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu akueleze vibali na usajili wa kikundi. Hilo ni la kwenda ana kwa ana, simu haitoshi. Vivyo hivyo, mkimaliza onyesho hili na ukataka kwenda mbali zaidi, tafuta mwongozaji mwenye mafunzo aje akae kwenye mazoezi yenu mawili tu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ni mahali pa kuanzia kuuliza, na wahitimu wake wako mikoa mingi. Kuna makosa ya miondoko ambayo hayaonekani kwenye karatasi, nami siwezi kuyaona kutoka huku.

Sauti yako sasa. Umesema inakwaruza kwa mwezi mzima. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3 inapaswa kutazamwa na daktari wa masikio, pua na koo, basi usiisubiri mpaka baada ya onyesho. Anza na hospitali ya wilaya wakupe rufaa. Ukiona damu, ukipata shida kumeza au kupumua, nenda siku hiyo hiyo. Mwalimu anayeongea vipindi vya mchana kisha akaelekeza mazoezi kwa kupaza sauti jioni anazikandamiza nyuzi za sauti bila kuzipa nafasi ya kupona. Wakati ukisubiri daktari, kunywa maji mara kwa mara, usikohoe kwa makusudi kusafisha koo, usinong'one ukidhani unapumzisha sauti, maana mnong'ono nao huichosha. Kwenye mazoezi tumia filimbi au kupiga makofi kuwakusanya watu, na maelekezo mpe kila mmoja ukiwa karibu naye.

Mwisho, mkoba wa Zawadi utafuteni mapema, wiki ya tatu, siyo siku ya onyesho. Uwe wa mwalimu kweli: umechakaa mpini, una vumbi la chaki, na zipu yake inakwama. Mume anapotaka kuufungua na zipu ikagoma katikati, mikono yao wote wawili ikiwa juu yake, mwigizaji wako wa Zawadi atapata kitu cha kushindana nacho, na hutahitaji kumweleza namna ya kuonyesha hofu.